MOYO UNAOSIKIA: Hekima katika Uongozi

Maandiko ya kusoma: 1 Wafalme 3:5-28, 1 Wafalme 12:1-20, Yakobo 3:13-18
Fungu la kukariri wiki hii: Yakobo 1:19



Tunakaribia kuchagua viongozi wa idara zetu, na katika wiki hizi chache nimeulizwa swali moja na watu kama watano hivi: "Pasta, tukichagua tuangalie nini?" Wengine wanasema tuangalie masomo. Wengine wanasema tuangalie mwenye uwezo, maana idara inahitaji pesa. Wengine wanasema tuangalie yule anayeomba mpaka mabati yanatikisika. Hayo yote ni mazuri na sina neno nayo. Lakini nikiulizwa mimi, nitasema hivi: angalieni masikio yake. Leo nataka tujifunze kwa nini.

1. SULEMANI ALIOMBA NINI HASA?

Tunajua hadithi. Bwana alimtokea Sulemani kule Gibeoni katika ndoto, akamwambia aombe chochote. Hebu fikiria wewe umepewa nafasi kama hiyo. Sulemani hakuomba maisha marefu, wala mali, wala adui zake wafe. Alianza kwa kukiri kwamba yeye ni kama mtoto mdogo katika kazi hiyo, hajui hata namna ya kutoka na kuingia mbele ya watu. Kisha akaomba moyo wa kuwaamua watu wa Mungu.

Sasa hapa kuna jambo ambalo wengi wetu tunalipita. Maneno yenyewe ya Kiebrania katika mstari wa 9 yana maana ya moyo unaosikia. Sisi tukisema hekima tunafikiria kichwa kilichojaa majibu. Sulemani aliomba moyo wenye masikio.

Na angalia jaribio lake la kwanza, wale wanawake wawili na mtoto mmoja. Mfalme alimsikiliza wa kwanza mpaka akamaliza. Akamsikiliza wa pili. Kabla hajasema lolote akarudia maneno ya kila mmoja: huyu anasema hivi, na huyu anasema vile. Soma mstari wa 23. Baada ya hapo ndipo akaagiza upanga. Sisi tunapenda ule upanga, lakini upanga ulifanya kazi kwa sababu masikio yalitangulia. Na watu wale walikuwa makahaba, watu ambao mfalme mwingine asingewapa hata dakika mbili.

2. REHOBOAMU ALIITA MKUTANO

Sulemani akafa, akaingia mwanawe Rehoboamu. Watu wakamwendea kule Shekemu na ombi moja: baba yako alitubebesha mzigo mzito, tupunguzie nasi tutakutumikia. Rehoboamu akasema mnipe siku tatu.

Wapendwa, msimhukumu haraka. Huyu mtu aliuliza! Aliwaita wazee waliomhudumia baba yake, wakampa ushauri mzuri: leo uwe mtumishi wa watu hawa, useme nao vizuri, nao watakuwa wako siku zote. Kisha akawaita wale waliokua pamoja naye, wakamwambia aongeze mzigo. Na tusidhani hili ni suala la vijana dhidi ya wazee tu. Biblia inasema Rehoboamu alikuwa na miaka 41 alipoanza kutawala (1 Wafalme 14:21). Huyo ni mtu mzima kabisa. Mimi mwenyewe sijafika huko.

Shida yake ilikuwa nini basi? Aliita mkutano, lakini moyo wake ulikuwa umeshaamua. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia kile alichotaka kusikia, na alipompata, mashauriano yakaisha. Matokeo yake tunayajua: makabila kumi yakaondoka. Akamtuma msimamizi wa kazi za shokoa, watu wakampiga mawe mpaka akafa, na mfalme akakimbilia gari lake kurudi Yerusalemu. Ufalme uliojengwa kwa miaka 80 na Daudi na Sulemani ukapasuka kwa jibu moja la siku tatu.

Kwa hiyo kuna tofauti kubwa kati ya kuita mkutano na kusikia. Mtu anaweza kuwa na ajenda, kumbukumbu za kikao, maombi ya kufungua na maombi ya kufunga, na asiwe amemsikia mtu hata mmoja.

3. NG'OMBE WA MWAKA WA 1938

Hili si jambo la Israeli tu. Sisi watu wa Ukambani tumelipitia. Wazee wetu waliishi kuona mwaka wa 1938, wakati serikali ya kikoloni iliponyang'anya watu ng'ombe katika wilaya ya Machakos, ambayo siku hizo ilijumuisha Makueni.

Tuwe wakweli: tatizo ambalo wakoloni waliliona lilikuwa la kweli. Udongo ulikuwa unamomonyoka, makorongo yanapanuka, mvua ikinyesha mto unateremka mwekundu. Walikuwa na wataalamu na ripoti. Wakaamua kwamba ng'ombe ni wengi mno, wapunguzwe kwa lazima. Lakini hawakumuuliza Mkamba ng'ombe kwake ni nini. Ng'ombe alikuwa benki, alikuwa mahari, alikuwa chakula cha mwaka wa kiangazi. Wala hawakutaka kusikia kwamba mifugo ilibanana kwa sababu ardhi nzuri ilikuwa imechukuliwa na walowezi. Ng'ombe wakachukuliwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Liebig kule Athi River kilikuwa kinawasubiri.

Watu walifanya nini? Wakiongozwa na Muindi Mbingu, wanaume, wanawake na watoto walishika njia ya Nairobi, wakapiga kambi huko kwa wiki nyingi wakitaka kuonana na gavana. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa kifungoni Lamu. Lakini kabla mwaka kwisha serikali ilirudi nyuma, ikaacha kuuza ng'ombe kwa nguvu.

Na sehemu ninayoipenda ni hii. Miaka ya baadaye, watu hao hao walioitwa wakaidi walichimba matuta ya fanya juu katika vilima vyao, kilima baada ya kilima, kwa jembe na koleo, kwa mwethya. Ukisafiri leo kupitia Mbooni utayaona. Hawakukataa kutunza udongo. Walikataa kuamriwa na mtu asiyesikia. Ujuzi ulimwonyesha mkoloni tatizo. Hekima ndiyo ingemwonyesha watu.

4. KISIMA CHANGU CHA CHUMVI

Ni rahisi kumsema mkoloni. Sasa niseme yangu.

Nilipotumwa kusimamia tawi letu moja upande wa Kitui, nilienda na digrii ya biashara na nguvu ya ujana. Kanisa halikuwa na maji. Akina mama walikuwa wanabeba mitungi kutoka mtoni kila Jumapili. Ndugu walioko Nairobi wakatuchangia, nami nikaona hapa ndipo elimu yangu itamtukuza Mungu. Nikaandaa mpango wa kuchimba kisima cha mashine katika kiwanja cha kanisa: gharama, bei ya kila mtungi tukiwauzia majirani, mapato ya miaka mitano. Nikamleta mtaalamu akapima akasema maji yapo. Nikachapisha karatasi, nikagawa nakala kwa kamati, nikasema, "Wazee na akina mama, nataka maoni yenu."

Mama mmoja wa makamo, ambaye huwa hasemi sana, akanyoosha mkono. Akasema, "Pasta, maji ya upande huu tunayajua. Ni ya chumvi. Hata mbuzi akiyanywa anatikisa kichwa."

Nikatabasamu lile tabasamu la mtu aliyesoma. Nikamwambia, "Mama, asante, lakini mtaalamu amepima." Tukapiga kura. Nani atampinga pasta? Mikono ikainuka yote, wa kwake ukiwa wa mwisho.

Mtaalamu hakudanganya. Maji yalikuwapo, tena mengi. Yalikuwa ya chumvi. Hayakufaa kunywa, hayakufaa chai, na sukuma wiki tuliyoyamwagilia ilikauka pembeni majani yote. Sehemu nyingi za Kitui maji ya chini ya ardhi yako hivyo, na kila mtu aliyezaliwa pale alilijua hilo isipokuwa mimi mwenye karatasi. Sadaka ya watu, jasho la watu, ikawa bomba limesimama katika kiwanja.

Kilichoniumiza zaidi si pesa. Yule mama alianza kukosa ibada. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi. Nikamwendea nyumbani. Nilidhani ananicheka, au anangoja niseme kwamba alikuwa sawa. Nikamwambia, "Mwaitu, nisamehe. Ulisema nami sikusikia." Akanyamaza kidogo, akasema, "Pasta, mimi sina hasira ya maji. Maji hata mtu mwerevu anaweza kukosea. Lakini ulituuliza na jibu ulikuwa umeshalichapisha."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimehubiriwa. Nilikuwa Rehoboamu mwenye kompyuta.

Tulianza upya. Safari hii nilienda na daftari tupu. Nikawauliza wazee: miaka ya kiangazi kikali, maji ya kunywa mlikuwa mnayapata wapi? Wakanipeleka mtoni, mto wa mchanga kama mito yetu mingi, wakanionyesha mahali ambapo mwezi wa tisa ukichimba mchanga kwa mikono bado unapata maji matamu, kwa sababu chini kuna mwamba. Mahali kama hapo ndipo panapojengwa bwawa la mchanga: ukuta wa saruji unakatiza mto juu ya mwamba, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta na kuyaficha maji jua lisiyanywe. Kitui ina mamia ya kuta kama hizo, zilizojengwa na vikundi vya wanakijiji wakibeba mawe wenyewe. Kanisa likajiunga na mwethya wa kijiji. Hata mimi nilibeba mawe, na mikono ikanifundisha.

Na yule mama, aliporudi, aliuliza swali lingine: "Na haya maji ya paa yanaenda wapi?" Nikachukua kalamu. Paa la kanisa ni mita 20 kwa mita 10. Mvua ya msimu mmoja ikifika milimita 300, hiyo ni lita 60,000 kabla ya kutoa zile zinazopotea. Hesabu hiyo ningeweza kuifanya tangu siku ya kwanza. Digrii ilijua kuhesabu, lakini haikujua swali la kuuliza. Kwa hiyo sisemi elimu ni bure. Nasema elimu ni jembe, na jembe linahitaji mtu anayelijua shamba.

5. MAKUENI ILIPOFIKA UKINGONI

Mfano mwingine uko hapa karibu, na wengi wenu mliuona kwa macho. Sisemi mambo ya chama. Kanisa si la chama. Nasema kwa ajili ya kujifunza.

Baada ya uchaguzi wa 2013, kaunti ya Makueni ilipata gavana wake wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, aliyekuwa mwalimu wa sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Ikapata pia bunge la kaunti. Pande zote mbili zilichaguliwa na wananchi wale wale, lakini zikashindwa kuelewana juu ya bajeti. Septemba 2014 mambo yalifika hatua ya risasi mjini Wote, na watu wakajeruhiwa. Wananchi wakatia sahihi ombi la kutaka kaunti yao ivunjwe kwa Kifungu cha 192 cha Katiba. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ikapokea malalamiko ya watu, na ikapendekeza kaunti ivunjwe. Septemba 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa pendekezo hilo. Wale waliokuwa wakigombana wakalazimika kurudi kufanya kazi pamoja.

Fikiria hapo. Watu wenye masomo, wenye kura, wenye sheria mkononi, na bado kaunti inakaribia kuvunjika. Mamlaka peke yake haiponyi kitu.

Lakini Makueni hiyo hiyo baadaye ikawa mahali ambapo kaunti nyingine zinakuja kujifunza. Kujifunza nini? Namna ya kuwasikiliza watu. Vikao vya wananchi vilianzia kijijini, vikaenda kundi la vijiji, vikaenda wadi, kaunti ndogo, mpaka kaunti nzima. Watu wakasema wenyewe wanataka mradi gani utangulie. Kamati ya wananchi ikakagua kazi, na sahihi yao ikahitajika kabla ya mkandarasi kulipwa. Mwaka wa 2016 ukaanza mpango wa afya wa MakueniCare, familia ikilipa shilingi 500 kwa mwaka. Kule Kalamba kikajengwa kiwanda cha maembe, zao ambalo mkulima wa Makueni analijua kuliko mtu yeyote. Na mwaka wa 2017 wananchi wakamrudisha gavana yule yule kwa kura.

Sisemi Makueni ni mbinguni. Ziko barabara mbovu na yapo malalamiko. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi kama mojawapo ya maadili ya taifa, na kila kaunti nchini inafanya vikao hivyo. Nyingine zinavifanya kama Rehoboamu: mahema yanawekwa, soda zinagawanywa, watu wanatia sahihi kwenye orodha, na bajeti imeshaandikwa. Wananchi wana akili. Wanajua lini wanasikika na lini wanahesabiwa tu.

6. KUSIKIA SI KUBURUTWA

Hapa kuna onyo, maana mtu anaweza kutoka hapa akisema kiongozi mwenye hekima ni yule anayefanya kila kitu watu wanachotaka. Hapana. Haruni aliwasikia watu na akatengeneza ndama (Kutoka 32). Sauli alikiri kwa Samweli kwamba alivunja agizo la Bwana kwa sababu aliwaogopa watu (1 Samweli 15:24). Huko si kusikia, huko ni kuogopa.

Sulemani aliwasikia wanawake wote wawili, lakini hakumpa kila mmoja alichotaka. Alisikia, akapima, akaamua. Mitume walipoletewa manung'uniko ya wajane (Matendo 6) hawakuyazima, wala hawakuacha Neno ili wakagawe chakula wenyewe. Waliwaambia watu wachague saba, na wakataja sifa zake. Mojawapo ni kujaa hekima. Yakobo 3:17 anatuambia hekima ya kutoka juu ni safi kwanza, na tena ni tayari kusikia maneno ya wengine. Usafi na usikivu viende pamoja. Ukiwa msafi bila masikio utakuwa mkali. Ukiwa na masikio bila usafi utakuwa bendera.

Na onyo la mwisho. Ule mzigo ambao watu walimlilia Rehoboamu ulitoka wapi? Ulitoka kwa Sulemani mwenyewe. Yule aliyeomba moyo unaosikia, uzeeni moyo wake uligeuka (1 Wafalme 11), na watu wake wakachoka. Kwa hiyo hekima si cheti unachotundika ukutani mara moja. Ni kama mana, ya jana haitoshi leo.

7. BASI TUANGALIE NINI?

Tukirudi kwa lile swali la uchaguzi, mwangalie mtu huyu katika mambo madogo:

Je, anaweza kurudia ulichosema bila kukipotosha, hata kama hakubaliani nacho? Je, akina mama wa jikoni na vijana wa viti wakiongea, anaweka simu chini? Amewahi kubadilisha mawazo yake mbele ya watu? Amewahi kusema "nilikosea" bila kuongeza "lakini"? Na akishasikia yote, anaweza kuamua na kubeba matokeo bila kumlaumu mwingine?

Ukimpata mtu wa namna hiyo, hata kama hana gari wala digrii, mpe idara. Ukimpata mwenye digrii aliye hivyo, mshukuru Mungu mara mbili.

Na wewe unayechaguliwa, anza nyumbani. Baba, lini mara ya mwisho ulimuuliza mkeo jambo kabla ya kuamua, si baada ya kulipa? Mzazi, mtoto wako akisema shule ina shida, unamsikia au unamnyamazisha? Uongozi wa kanisani ni ule wa nyumbani uliovaa suti.

Bomba letu la chumvi bado limesimama kule Kitui. Wazee walitaka liondolewe, nikawaomba liachwe. Kila nikienda pale kuhubiri, nalipita kwanza kabla sijaingia madhabahuni.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Soma 1 Wafalme 12:6-11. Rehoboamu aliuliza pande mbili. Ni nini kinachoonyesha kwamba hakuwa anasikia?
2. Katika familia au idara yako, ni nani anayejua jambo fulani vizuri na hajaulizwa kamwe?
3. Toa mfano wa wakati ulipoogopa watu ukadhani unawasikiliza. Tofauti ni nini?
4. Kuna mtu unayepaswa kumwendea wiki hii na kumwambia, "Ulisema nami sikusikia"?

TUOMBE

Baba, tunakushukuru kwa kuwa wewe unasikia hata kilio cha mtu asiye na jina. Tunakiri kwamba mara nyingi tumeita vikao huku mioyo yetu imefungwa. Tusamehe. Uwape viongozi wetu, wa kaunti zetu, wa kanisa letu na wa nyumba zetu, moyo unaosikia, na uanze na mimi. Tunapochagua, tupe macho ya kumwona uliyemchagua wewe. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.